Maganda ya Ndimu na Jua la Kilosa

Kilosa, 14 Januari 2024

Aneth,

Wewe mtoto, barabara ya Mikumi imekatika na mimi sina habari? Maana Cornel anapita na lori lake la mchele kila Jumanne na kila Ijumaa, na anarudi mzima. Ng'ombe wa akina Saibulu wanapita, tena kwa miguu. Ni wewe peke yako barabara imekushinda. Mwaka mmoja na miezi minne! Ulipoondoka, yule kuku mwekundu alikuwa kifaranga. Akakua, akatotoa, akazeeka, na Jumapili nimemla. Hukuonja hata paja.

Sisi wazima. Mkondoa umejaa lakini haujapanda hadi huku kwetu. Kaburi la mume wetu Bonifas nimelipalilia. Nimemwambia mke mdogo bado hajafika. Hakujibu, lakini unamjua babu yako, hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno.

Jirani Mwanakheri anakusalimu. Kila asubuhi akichungulia uzioni ni swali hilo hilo: "Nesi wetu anamaliza lini?" Yeye anajua uko Mikumi kwa mazoezi ya zahanati. Namjibu, Mungu ndiye anayejua. Na Cornel ananiambia boksi lako ulimkabidhi kwenye mlango wa jiko la hoteli, umevaa aproni, una ndoo ya maganda mkononi. Sikumuuliza zaidi. Na wewe sikuulizi. Nasema tu Cornel ana macho.

Sasa hilo boksi. Nimelifungua Mwanakheri akiwepo, tukidhani ni sukari. Tukakuta makopo na chupa. Nikanusa kopo, naona kahawa. Nikalamba. Aneth, mimi bibi yako nimelamba, na nimetema mpaka kwenye gauni la Mwanakheri! Ndipo tukaona karatasi yako: "Vya kujipaka, vimetengenezwa kwa mabaki ya jikoni." Mabaki? Tangu lini watu wanajipaka makombo? Umeishiwa, mjukuu wangu? Kama umeishiwa sema, mahindi yapo.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "niko poa, bibi," halafu inakata, na siku zote inakatika pale ninapouliza. Karatasi haikati. Mimi dawati la shule sijawahi kulikalia, herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mimba ya baba yako, kwa hiyo usizicheke. Jibu.

Bibi yako,
Gaudiosa


Mikumi, 2 Februari 2024

Shikamoo bibi,

Nimesoma barua yako nimesimama, maana ningekaa ningelia. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mimi mzima. Nyasi za mbugani zimekuwa ndefu, tembo tunawaona migongo tu. Mpe bibi Mwanakheri shikamoo yangu na pole ya gauni.

Bibi, sijaishiwa. Hapa nyuma ya hoteli kulikuwa na shimo la taka za jikoni. Maganda ya mananasi, mapapai, makapi ya kahawa, machicha ya nazi, vyote humo. Nyani wakalizoea. Walianza na shimo, wakahamia dirishani, mwisho mmoja akaingia chumba cha mgeni, akatoka na mkoba, akakaa juu ya paa anakula rangi ya mdomo. Midomo yote nyekundu! Mgeni analia, sisi tunashindwa kucheka mbele yake. Meneja akaamuru shimo lifungwe, na kila mtu wa jikoni afikiri namna ya kupunguza takataka.

Mimi nikakausha makapi ya kahawa na machicha, nikayasaga, nikachanganya na mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo skrabu, ndiyo uliyolamba. Unasugulia ngozi kisha unasuuza. Wenceslaus, mpishi mkuu, alinicheka. Kisha akasugulia viwiko vyake, akaacha kucheka.

Chupa ni mafuta ya ndimu. Hapa tunakamua ndoo nzima ya ndimu kwa siku kwa vinywaji vya wageni. Maganda nayakwaruza, nayaloweka kwenye mafuta ya nazi siku kumi, nachuja. Wanawake wa jikoni na wa kufulia wanajipaka jioni wakitoka zamu. Mwezi mzima hakuna aliyelalamika, na wamelainika kama watoto wachanga.

Beatrice, mama wa duka dogo la pale mapokezi, amesema atachukua chupa mia kuanzia mwisho wa Aprili, nikimletea maneno ya wanawake waliotumia, wasiwe wa hapa hotelini tu. Ndiyo maana nimekutumia wewe. Wagawie wanawake sita au saba, kisha uniandikie wanasemaje. Bibi, hii ni mara ya kwanza nimeanzisha kitu na sijakiacha katikati.

Kuhusu kuja, kazi zimebana. Hii ya jikoni ni ya muda tu.

Mjukuu wako,
Aneth


Kilosa, 23 Februari 2024

Mke mwenza,

Marahaba. Nimecheka huyo nyani mpaka Mwanakheri akaja kuuliza kama nimepatwa na nini. Nikamsomea. Naye akacheka, na sasa kila anayepita hapa amepaka rangi ya mdomo tunamwita mgeni wa Mikumi.

Tabea wa mama Koinet kajifungua mtoto wa kiume. Paa la jikoni linavuja palepale pa zamani. Mimi goti linanisema asubuhi, mchana linanyamaza.

Nimegawa. Nilisubiri baada ya misa ya jumuiya nikawaambia: mjukuu wangu ametengeneza dawa ya uzuri kwa maganda, nani anataka kuwa mzuri? Wakatazamana. Fausta akasema, "Gaudiosa, hata sisi wenyewe maganda." Lakini wakachukua. Watano wa jumuiya, na Mwanakheri wa sita, na mimi wa saba.

Ile skrabu nimeibariki. Nyayo zangu zilikuwa zinachana shuka, sasa zinateleza. Machicha ambayo miaka yote tunawatupia kuku! Kumbe tulikuwa tunaremba kuku. Mafuta nayo yananukia vizuri sana. Mwanakheri anasema akijipaka anajisikia kama biharusi, anataka mume mwingine. Nikamwambia ajipake kidogo basi, wasije wawili.

Wiki hii tunaanza kupalilia mpunga bondeni, mimi na yeye na wengine. Tukimaliza nitakuandikia maneno yao yote.

Mwanakheri amekuulizia tena juu ya unesi. Nimemjibu tena Mungu. Mungu naye amechoka kusingiziwa.

Bibi yako


Mikumi, 10 Machi 2024

Shikamoo bibi,

Natumaini goti limetulia. Mwambie mama Koinet nampa hongera ya mjukuu.

Sijalala kwa furaha. Lebo zimeshachapwa Morogoro, zina picha ya ndimu iliyokatwa nusu. Beatrice ameshapanga chupa thelathini za kwanza kwenye rafu, anasema ataanza kuuza akipata tu maneno ya akina mama wa Kilosa. Wenceslaus anasema nikifika mbali nisimsahau, kwani ndiye aliyenikabidhi ndoo.

Nasubiri barua yako, bibi. Jumanne nilimngoja Cornel barabarani, akasema hukumpa kitu. Ijumaa vilevile. Mpunga haujaisha tu? Hata mistari miwili inatosha. Waseme tu wameonaje.

Aneth


Kilosa, 24 Machi 2024

Aneth,

Tuko salama. Kuku wawili wametotoa. Mvua zimekuja kwa kuruka ruka, jua kali halafu mvua halafu jua. Fausta amepata mkwe. Mwezi wa Ramadhani unaendelea, Mwanakheri amefunga.

Mafuta yapo.

Nikuulize. Hao wanawake wa jikoni na wa kufulia, mchana wanatoka juani? Na wewe mwenyewe umejipaka? Saa ngapi?

Mkono wangu umekaza, siandiki zaidi.

Bibi


Mikumi, 2 Aprili 2024

Shikamoo bibi,

Hujawahi kuniandikia barua fupi hivyo maishani. Hata ile ya kuniambia babu amefariki ilikuwa na kurasa tatu.

Wanawake wa jikoni hawatoki juani, bibi. Tunaingia alfajiri tunatoka jioni. Wa kufulia wako ndani na mashine. Mimi najipaka nikienda kulala. Kwa nini unauliza?

Cornel anasema amekuona sokoni umevaa sweta la babu, mikono imefika mpaka vidoleni, jua la saa saba. Nilimuuliza kama unaumwa, akaanza kukagua tairi. Cornel hajawahi kukagua tairi.

Sikupigii simu kwa sababu umenikataza. Lakini ukikaa kimya tena nitapiga. Niambie.

Aneth


Kilosa, 14 Aprili 2024

Aneth mjukuu wangu,

Kaa chini kwanza ndipo usome.

Iddi imepita. Tangu tuhamie nyumba hii mimi na mume wetu, hakuna Iddi ambayo sahani ya pilau ya Mwanakheri haikupita juu ya uzio, na hakuna Krismasi ambayo sahani yangu haikurudi. Mwaka huu nilikaa uani tangu asubuhi, nikasikia watoto wake wanakula, nikasikia sufuria zinaoshwa. Sahani haikuja. Ndipo nikasema basi, mimi Gaudiosa ninayemwambia padri hotuba yake ilikuwa ndefu, nimekuwa mwoga wa kumwambia mjukuu wangu ukweli.

Mafuta yako yametuunguza.

Wewe na wenzako mnajipaka jioni. Sisi mafuta ni ya asubuhi, hukulijua hilo? Umekulia hapa! Mtu anaoga, anajipaka vizuri, anachukua jembe. Tumekwenda bondeni tunang'aa, tukainama kwenye mpunga mpaka saa nane, jua mgongoni. Siku ya pili ngozi ikawasha. Siku ya tatu malengelenge. Yakipasuka yanaacha weusi kama mtu kapigwa pasi, tena weusi unafuata pale mafuta yalipotiririka, mistari mistari. Mimi ni mikononi, ndiyo maana ya sweta. Fausta ni shingoni. Mwanakheri alijipaka uso mzima na kifua, si alikuwa biharusi? Mashavu yote mawili, Aneth. Anakwenda sokoni kuuza mchele amejifunika ushungi mpaka machoni.

Na maneno ya watu unayajua. Wanasema mjukuu wa Gaudiosa analeta mkorogo wa watalii. Wanasema nesi gani anaunguza watu. Nilikwenda kumwomba radhi Mwanakheri. Akaniambia, "Gaudiosa, nina mchele wa kupepeta," akageuka. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Lakini nimechunguza. Nilikaa kizingitini, miguu yote nimeipaka mafuta yako, mmoja nikautoa nje juani, mwingine nikauacha ndani kivulini. Fausta alipita akaniuliza, "Unatoka au unaingia?" Nikamwambia pita zako. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Siku ya pili yake mguu wa nje ukawa mwekundu, ukawasha, ukavimba. Wa ndani haukufanya kitu, mzuri kama wa msichana. Kumbe mafuta peke yake hayana neno, na jua peke yake hatujaanza kulijua leo. Vikikutana ndipo vinaunguza. Nikakumbuka kila msimu tukikata ndimu za achari na kuzianika, vidole vinatutoka weusi, na miaka yote tunalaumu pilipili. Ni ganda la ndimu.

Sasa nikwambie kwa nini nilinyamaza. Wewe ukitikiswa unalala chini. Ulikuwa hivyo tangu mdogo, mwalimu akikuchapa leo, wiki nzima shule huendi. Uliandika "sijakiacha katikati," nikaogopa mimi ndiye nitakayekuangusha. Nimekosa. Nimekulinda wewe, na pengine huko Mikumi kuna mtu wa kuungua.

Kwa hiyo nisikilize. Usiuze hata chupa moja. Mwambie huyo Beatrice leo, kwa mdomo wako, usimtume Wenceslaus. Na Mwanakheri hatakusamehe kwa barua yangu. Lala kama ni lazima ulale. Lakini amka.

Bibi yako anayekupenda mpaka mifupa inauma,
Gaudiosa


Mikumi, 27 Aprili 2024

Shikamoo bibi,

Nililala siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka zile chupa thelathini kwenye rafu. Barua yako ilinikuta Ijumaa, nikalala Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nikakimbia na ndala moja.

Beatrice alikuwa ameshauza moja. Moja tu, asubuhi ileile, kasema kangoja maneno yako kachoka. Nilimkuta mgeni kando ya bwawa la kuogelea, amejilaza juani, chupa iko mkononi anazungusha kifuniko. Nikamnyang'anya, bibi. Sikuomba hata radhi, Kiingereza chote kilinitoka. Akapiga kelele, meneja akaja. Nikasimama pale na ndala yangu moja nikaeleza kila kitu: ndimu, jua, Kilosa, mguu wako wa kizingitini. Nilidhani nafukuzwa. Meneja akaniuliza tu, "Bibi yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na moja. Akasema chupa zote zitolewe. Beatrice ameifuta oda ya mafuta. Skrabu amebaki nayo, haina ndimu. Kuhusu kitu kipya kasema, "Ukija na kingine, kiwe kimeshinda juani."

Mikono yako inaendeleaje? Tafadhali nieleze kweli.

Kuna jambo lingine na hili ndilo lililonikalisha huku. Bibi, sipo chuoni. Nilifeli mtihani wa mwaka wa pili, wakaniambia nirudie, nikashindwa kurudi Kilosa kusema. Bibi Mwanakheri alitoa magunia yake mawili ya mchele ili mimi niende chuo. Niliyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari, yeye ananiita nesi, watu wanapiga vigelegele. Ningeingiaje uani kwake na aproni ya kuosha masufuria? Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Sasa juu ya hilo nimemuunguza uso.

Nimeambatanisha karatasi yake. Nimeandika yote, sijajitetea. Naomba umsomee.

Aneth


Kilosa, 8 Mei 2024

Aneth,

Marahaba mara mbili, moja yako na moja ya mguu wako uliokosa ndala.

Mikono yangu imeacha kuuma. Weusi upo, unafifia polepole. Fausta shingo yake karibu inarudi, anasikitika maana alikuwa amezoea kuonewa huruma.

Kuhusu chuo, najua. Barua yao ilikuja hapa kwangu, si ndiyo anwani uliyoandika? Niliisoma herufi kwa herufi siku mbili nzima, nikaiweka chini ya godoro, nikailalia mwaka mzima. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Sasa umesema, usiku ule nililala godoro limekuwa laini.

Nilimpelekea Mwanakheri karatasi yako. Alikuwa anapepeta, akasema soma, mimi nina kazi. Nikasoma. Ungo ukasimama pale kwenye magunia mawili. Nikamaliza.

Akasema, "Kwa hiyo alinidanganya."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Gaudiosa! Mwaka mzima nakuuliza uzioni, unanitajia Mungu!"

Akanifukuza. Alinifukuza hasa, na ungo. Nikaenda nyumbani, nikakaa. Siku ya tano nasikia kitu kinadondoka uani puu, natoka nakuta gunia, na Mwanakheri amesimama ng'ambo ya uzio, ushungi ameuweka begani, mashavu wazi. Weusi upo lakini umepungua. Akasema:

"Hizo ni pumba. Zile laini, za mashine inapopita mara ya pili. Mama yangu alikuwa anazifunga kwenye kitambaa, anachovya kwenye maji, anatuosha uso. Kila siku pale mashineni wanazimwaga au wanawapa nguruwe. Huyo mtoto kama anatafuta mabaki, hayo ndiyo mabaki. Lakini mwambie ndimu sitaki hata kuisikia."

Nikamuuliza, "Umemsamehe?"

Akasema, "Nimempa pumba. Kusamehe nitaona nikimwona."

Gunia liko kwa Cornel, atakufikishia Ijumaa. Usiwape nyani.

Bibi yako


Mikumi, 26 Mei 2024

Shikamoo bibi,

Gunia limefika. Nilifungua nikasikia harufu ya mashine ya mpunga ya pale sokoni, nikakaa juu yake nikalia kidogo, kisha nikaanza kazi.

Nimezichekecha mara tatu, nikazichemsha, nikatengeneza sabuni pamoja na mafuta ya nazi. Hakuna ndimu, hakuna chungwa, hakuna ganda lolote la jamii hiyo. Nimejipaka mikono yote asubuhi baada ya kuoga, bila kusuuza povu sana, nikaanika nguo za wenzangu juani kuanzia saa tatu hadi saa saba. Siku sita mfululizo. Ngozi iko vilevile, laini tu. Wenceslaus alijitolea kipara chake. Kipara kinang'aa, hakijaungua. Beatrice amenusa, akasema ataweka kumi kwanza, nikishapata idhini ya wale niliowaunguza. Hivyo ndivyo alivyosema.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Meneja amekubali.

Bibi, naogopa. Nitamwangaliaje? Nikipiga hodi naanza kusema nini?

Aneth


Kilosa, 7 Juni 2024

Mjukuu wangu Aneth,

Marahaba. Wote wazima, vifaranga wamebaki tisa, mwewe ana wawili. Paa la jikoni fundi Gabrieli ameliziba, sasa linavuja pengine.

Umeniuliza utaanza kusema nini. Nimemuuliza Mwanakheri mwenyewe, maana kwa nini nibahatishe na mtu yuko hapo uzioni? Akasema hotuba hataki, barua imeshasema. Anataka kuona. Na Fausta anataka kuona, na wale wengine wanne wanataka kuona, na wamepanga siku kabla hata mimi sijafungua mdomo. Ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Usiniletee habari ya kazi zimebana.

Sasa shika haya. Panda na Cornel Ijumaa, usingoje basi, na usiku ulale kwa Fausta. Sabuni lete vipande saba, kila mmoja na chake, na kimoja cha ziada ambacho utakifungua mbele yetu. Usipite kwangu kwanza kuweka mzigo, ukipita kwangu utakaa, nakujua. Asubuhi nenda moja kwa moja uani kwa Mwanakheri, mwamkie, kisha nawa na sabuni yako uso na mikono, yeye akiangalia. Atatandika mkeka pale kati ya ua ambapo hakuna kivuli cha kitu chochote. Utakaa hapo kuanzia saa tatu. Yeye atakaa kushoto kwako na mimi nitakaa kulia, na tutakaa wote mpaka adhuhuri, na kama kuna wa kuungua tutaungua pamoja. Utatusaidia kuchambua mchele wakati tunangoja. Akikuuliza kitu, mjibu. Akinyamaza, chambua mchele.

Vaa gauni la mikono mifupi.

Bibi yako,
Gaudiosa